Feni ya Mapanga Sita

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Luhende hapa Bariadi, na kwa siku tatu za msiba nilikaa kwenye mkeka upande wa wanawake nikisikiliza watu wakimsifu kwa jambo nililolifanya mimi. Kila kundi jipya la waombolezaji likifika, kulikuwa na bwana mmoja anayesimulia upya namna marehemu alivyogundua kwa nini landrova ya Shangazi Holo ilikuwa ikichemsha: eti alitega sikio moja kwenye injini, akafumba macho, akasema, "Ni feni." Fundi Luhende hakuwahi kufumba macho mbele ya injini. Alifumba macho mbele ya chakula tu, akisali, na sala yake ilikuwa fupi. Mara tatu nilifungua mdomo nisahihishe, na mara tatu jirani yangu akanipa kikombe cha chai akidhani kilio kimenibana. Mtu hawezi kugombea sifa na maiti mbele ya wafiwa. Sasa matanga yameanuliwa, nimerudi kwangu, daftari lipo, na kama wanaonijua wanavyosema, kunitoa nyumbani hapa kunahitaji barua ya wito. Basi acha niuandike mwaka ule nilivyouona, nikiwa na mavi ya kuku kwenye sketi na nyuzi za pamba kwenye nywele.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata divisheni thrii, ambayo nyumbani ilipokelewa kama mvua ya kutosha kulaza vumbi. Wenzangu walikwenda Mwanza, wengine Dar. Mimi nilikwenda Bariadi mjini kumliwaza Shangazi Holo aliyefiwa na mumewe, nikaambiwa nikae wiki mbili, nikakaa mwaka, na kama si kuolewa ningekuwa bado nipo kwenye kile chumba cha uani nikihesabu misumari ya bati. Nilikipenda chumba kile. Kilikuwa na kitanda cha kamba, gunia la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kona, na mlango unaotazama ua, hivyo nilikuwa naona kila anayeingia kabla yeye hajaniona. Kazi yangu ilikuwa kuchambua pamba ya mito: kutoa mbegu, kuvuta nyuzi, kushindilia kwenye foronya. Kazi ya kukaa. Nilikuwa na kipaji nayo.

Huo ndio mwaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kwetu na mizani yao na viatu vyao visivyo na vumbi, na maduka ya mjini yakabadilika tabia. Vijana hawatanielewa nikisema hivi, lakini kabla ya hapo duka lilikuwa na kitu au halina. Ukiambiwa sabuni ipo, hukuuliza ni sabuni gani, ulikimbia. Mwaka ule kwa mara ya kwanza tulisimama mbele ya kaunta tukaulizwa, "Unataka ipi?" Nakumbuka lile swali lilivyotutia aibu, kama mtu ameuliza jambo la ndani. Tulikuwa tumejifunza kutafuta, hatukuwa tumejifunza kuchagua.

Sasa gari. Marehemu mume wa Shangazi alikuwa bwana shamba, na landrova ile ya kizamani, fupi, ya kijani kilichofifia, aliinunua kwenye mnada wa ofisi baada ya serikali kuichoka. Aliiendesha mpaka siku moja, karibu na mwisho wa uhai wake, panga moja la feni lilipokatika njiani likaruka na kuichana rejeta kama kisu kwenye tikiti. Yeye na Fundi Luhende waliziba tundu kwa nguo, kisha, kwa ushauri ambao kila mmoja baadaye alisema ni wa mwenzake, wakamimina ndani unga wa udaga uende ukagandie kwenye nyufa. Unga wa muhogo na maji yanayochemka. Walifika nyumbani wakinukia chakula. Fundi alipofungua kifuniko, ugali ulichomoza shingo. "Rejeta yote ilikuwa imeiva," Shangazi alikuwa akisimulia huku akifuta machozi, ya kucheka na ya mengine. Tangu siku hiyo landrova ilikaa uani, na kuku wakaigeuza kiota. Mayai ya kiti cha dereva yalikuwa makubwa kuliko ya nyuma. Sijui kwa nini, nilifuatilia.

Ndugu wa mume walikuja kutoka Zagayu wakati wa masika. Kaka wa marehemu, Mzee Nkwabi, mtu mrefu mwenye koti la sufu hata juani, alikaa sebuleni, na mimi nikakaa stoo na pamba yangu, ukuta mmoja katikati, ukuta wa kirafiki sana kwa masikio. Aliongea mvua, akaongea ng'ombe, kisha akafika.

"Shemeji, gari la marehemu limelala."

"Limelala, shemeji. Linapumzika."

"Gari si mgonjwa. Huku kwako linataga mayai. Kwetu Zagayu lingebeba pamba."

Shangazi alimaliza kwanza kikombe chake cha mtindi. Nilijua anachofikiria, kwa sababu usiku uliotangulia alikuwa ameniambia: mnunuzi mmoja wa pamba alikuwa anatafuta gari la kukodi msimu mzima, na akiipata kazi ile angeweza kubaki mjini kwenye nyumba yake. Asipoipata, hakuna cha kumweka Bariadi. Angerudi Zagayu kuishi kwenye mji wa Mzee Nkwabi, kuomba ruhusa ya kwenda sokoni. Na mimi, chumba changu cha uani kingeisha.

"Shemeji," akasema hatimaye, "mnataka gari linalotembea au mnataka gari?"

Mzee Nkwabi akacheka kwa pua. "Siku ya kutimiza mwaka wa msiba tutakuwa wote Zagayu. Lije lenyewe. Halivutwi, halisukumwi, halichemshi njiani. Likifika zima, tutajua unaliweza."

Alipoondoka, Shangazi alikuja stoo moja kwa moja, bila hata kujifanya hajui nilipo. "Umesikia?"

"Nimesikia kidogo, Shangazi."

"Kidogo! Masikio yako yana mihuri ya posta. Kesho unakwenda na mimi kwa Luhende. Utabeba kile kitabu cha Kiingereza cha marehemu. Serikali ilikusomesha miaka minne, leo tuone ilipata nini."

Kitabu chenyewe kilikuwa mwongozo wa gari, kurasa zimeshikana kwa mafuta. Nilikisoma wiki nzima kwa kamusi. Naomba nisifiche: nilianza kwa uvivu nikamaliza kwa njaa. Sikuwahi kujua kwamba maji ya gari yanazunguka, yanatoka kwenye injini yakiwa moto, yanashuka kwenye vibomba vyembamba vya rejeta, yanapulizwa, yanarudi yamepoa, yanatoka tena. Nilidhani yanakaa tu mle ndani yakivumilia, kama mimi.

Shangazi aliuza mtamba wake mwekundu, ambaye babu yangu, yaani baba yake mwenyewe, alikuwa amempa, si ng'ombe wa upande wa mume. Na aliuza mchana, watu wakiona. Kisha rejeta zikaanza kuja kuonwa. Neno lilikuwa limeenea mjini kwamba mjane wa bwana shamba anatafuta, na ndani ya siku chache tulikuwa na tatu, zimeazimwa kwa ahadi ya kurudisha. Shangazi hakutaka zikae uani na kuku. Aliziweka sebuleni, kila moja kwenye kochi lake, zimeegemea vitambaa vya kufuma. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alisimama mlangoni akazitazama, akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Holo. Wachumba?"

"Mwadila. Ndiyo, wamekuja watatu kwa mpigo."

"Yule mweusi anang'aa. Ila wanaong'aa, mh."

Mweusi anayeng'aa alikuwa rejeta mpya kutoka India, ndani ya boksi lake, na harufu ya dukani tuliyokuwa hatujaizoea. Wa pili alikuwa ametoka kwenye pikapu ya Kijapani iliyoshushwa kwa kontena kutoka Dubai. Mwepesi, kichwa na miguu ya plastiki, na mgongoni kwake feni ndogo ya umeme. Wa tatu alikuwa mzee: shaba tupu, mzito kama jiwe la kusagia, aliyetolewa kwenye landrova iliyokufa ya mradi wa maji, na majeraha mawili yaliyozibwa kwa risasi ya kulehemu. Fundi Luhende alikaa kwenye stuli, maana makochi yalikuwa yamejaa wageni, akala michembe kwa karanga na kutoa maoni yaliyobadilika kila alipomeza.

Shangazi alizichagua kama anavyochagua ng'ombe, kwa sababu ndicho alichokijua. Alizunguka kila moja. Akapapasa mbavu. Akaitazama kwa nyuma, akainama, akaitazama kwa chini. Ya India alipoibonyeza kwa kidole, mbavu zililala na hazikuamka. "Huyu hajanyonya," akasema. Ile ya Dubai akainyanyua kwa mkono mmoja, akaishusha. "Feni yake inakula nini?"

"Umeme, mayu," Fundi akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kama nyumba ya mtu wa TANU zamani. Lakini dainamo ya hili gari ni ya kizee. Ukiiwasha hiyo feni, taa zitaomba ruhusa ya kulala."

"Na huyu mzito?"

"Huyo mnyweshe maji kwanza tuone."

Tukazipeleka zote uani tukazinywesha. Nilimwaga kwa kata juu, tukasikiliza chini. Mbili za kwanza maji yalipita upesi. Mzee wa shaba alimeza, akakaa, akaguguma, kisha akatoa tope la rangi ya chai na nyigu mmoja aliyekufa. Mimi nilikwisha kumkataa kichwani. Lakini Shangazi alimgeukia Fundi. "Yule wa plastiki akipasuka njiani?"

"Unamtupa."

"Na huyu?"

"Huyu nawasha moto, namtia risasi, anaendelea."

"Basi nataka anayetibika. Nimeuguza asiyetibika mwaka mzima, nimeona."

Fundi akaichukua ile ya shaba, akaichemsha kwenye pipa na magadi yaleyale tunayopikia mlenda, kutwa nzima, mpaka maji yakapita kama yamechelewa mahali. Hadi leo, ninapoona mtu dukani anageuzageuza kitu akisoma maandishi madogo, namkumbuka mama yule asiyejua kusoma zaidi ya jina lake aliyekuja na swali moja lililopita maandishi yote ya boksi.

Ingekuwa vizuri hadithi iishie hapo, na Shangazi mwenye hekima. Lakini kulikuwa na feni, na kwenye feni nilikuwepo mimi.

Duka la spea lilikuwa la kijana mmoja kutoka Nassa, Maduhu, ambaye watu wake ni wavuvi na hivyo tulimwambia kila siku kwamba bei zake zinanuka samaki. Alikuwa na feni mbili zinazoweza kukaa pale. Moja ya mapanga manne, ya landrova kabisa. Nyingine ya mapanga sita, pana, nene, imepakwa rangi ya kijivu, imetoka kwenye injini ya mashine ya kusaga kule Mwamanyili.

"Mayu, ya gari lako ni hii ya manne," Maduhu akasema.

"Na hii ya sita?"

"Ni ya mashine ya kusaga."

"Kwa hiyo ina nguvu ya kusaga."

"Mayu, ng'ombe ana chuchu nne na hajawahi kulalamika."

"Angepewa sita angekataa?" Shangazi akanigeukia. "Minza, kitabu kinasemaje?"

Hapa ndipo ninapojionea haya mpaka leo. Kitabu kilisema kwamba katika nchi za joto feni kubwa zaidi inaweza kufungwa. Kilisema hivyo, kweli, ukurasa ule wenye alama ya kidole cha marehemu. Lakini watu wanne walikuwa wananitazama, Maduhu alikuwa kijana mwenye meno mazuri, na mimi sikuwa nimewahi kuulizwa jambo dukani. Nikajinyoosha, nikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Kitabu kinasema, kwa nchi za joto, mapanga mengi."

"Mapanga mengi!" Shangazi akapiga kaunta. "Kizungu kimesema." Maduhu akainua mikono kama mtu aliyeshindwa kesi. Fundi Luhende alitoboa matundu mapya manne kwenye kitovu cha ile feni, akaifunga, na siku iliyofuata tukaiwasha landrova uani. Ilipiga chafya, kuku wakahama rasmi. Tukaiacha ingurume asubuhi yote. Fundi alikanyaga mafuta mpaka vyungu vikatetemeka jikoni. Shangazi akaweka kiganja juu ya rejeta. Vuguvugu. Tulikula kuku siku ile, mmoja wa waliohamishwa, na Fundi alisali kwa kirefu kuliko kawaida.

Kesho yake walikwenda kuijaribu barabara ya Lamadi. Mimi nilibaki, nikisema nina mito. Walirudi alasiri wakiwa wamevutwa na trekta. Ilichemka kabla ya Dutwa. Fundi alifungua kila kitu, akafunga, akaiwasha uani: baridi kabisa, asubuhi yote, gari la mfano. Wakaenda tena. Ikachemka tena, mahali palepale karibu, na safari hii ilikuwa ikikimbia vizuri kwenye tambarare ambapo hakuna hata kilima cha kulaumu. Ilifanyika hivyo mara tatu. Kila mtu mjini alikuwa na jibu. Wengine walisema marehemu hataki gari litoke. Jirani wa chumvi alipendekeza tuliombee. Mzee Nkwabi alituma salamu tu, salamu ndefu, akiuliza hali ya kila mtu kwa jina na mwisho akiuliza hali ya gari.

Mimi nilikuwa na swali moja lililonikaa kooni: ni gari gani hili linalokuwa zima likikaa nyumbani na kuugua likitoka? Nililionea huruma, nililielewa kuliko wote. Kwa sababu hiyo, siku Fundi alipoiwasha tena uani kutafuta ugonjwa, nilihamisha mkeka wangu nikakaa mbele yake, karibu na pua, nikiendelea na pamba. Nilikuwa na rundo la nyuzi mapajani. Baada ya muda nikaona nakohoa. Nyuzi zilikuwa zinanirukia usoni, zinanasa kwenye nywele, na upepo ulionipiga ulikuwa wa moto, kama pumzi ya ng'ombe. Nikajisogeza, nikaendelea. Kisha mkono ukasimama wenyewe. Nilikuwa nimesoma kitabu kile mara nyingi mno: feni huvuta. Inavuta hewa ya nje ipite kwenye rejeta iende kwenye injini. Hii ilikuwa inanipulizia.

Nikachukua kipande cha pamba safi nikakishika mbele ya pua ya gari. Kikaruka nyuma. Nikakiokota, nikakifunga kwa uzi kwenye kijiti, nikakirudisha. Kikanyooka kuja kwangu kama mkia. Nikaita.

"Fundi! Hebu njoo uone. Gari linapumua nje."

"Magari yote yanapumua nje, binti. Yana ekzosi."

"Linapumulia puani."

Alikuja kwa uvivu. Akatazama pamba. Akanitazama mimi. Akanyang'anya kijiti, akakiweka mwenyewe, juu, chini, pembeni. Pamba ilinyooka vilevile. Nikamweleza nilivyofikiri, nikijikwaa: gari likisimama, feni inasukuma hewa nje kupitia rejeta, na hewa ni hewa, rejeta inapoa. Lakini gari likikimbia, upepo wa barabarani unaingia puani ukielekea ndani, nao wa feni unatoka ukielekea nje, na zinakutana katikati ya rejeta kama watu wawili kwenye mlango mwembamba, kila mmoja anamsubiri mwenzake, hapiti mtu. Injini ya mashine ya kusaga haiendi popote. Hiyo feni ilitengenezwa kwa ajili ya kitu kinachokaa mahali pamoja maisha yake yote. Tulikuwa tumempa msafiri moyo wa mtu kama mimi.

Fundi Luhende alikaa juu ya tairi. "Basi tutaigeuza," akasema, "mgongo uwe tumbo." Akaifungua, akaigeuza, akaifunga. Nikashika pamba. Pamba ikaja kwangu, kinyonge zaidi, lakini ikaja. Hili lilinisumbua kuliko yote, nilikesha nalo. Asubuhi nilichukua skrubu kwenye kopo, nikaigeuza kichwa chini, nikaitazama jinsi njia yake inavyopanda, nikaona: hata uigeuze vipi, msokoto wake ni uleule, na mapanga ya feni ni vivyo hivyo. Sikumwambia mtu kwa siku mbili. Nilitaka kukaa nayo peke yangu.

Kwa Maduhu nilikwenda mwenyewe, kwa miguu, feni ya mapanga sita begani na pamba mfukoni. Nilimweleza mbele ya wateja kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba kitabu hakikusema mapanga mengi. Alicheka mpaka akaegemea mizani. "Nilijua," akasema. "Kitabu gani kinaongea kama shangazi yako?" Alinibadilishia, kwa sababu mwenye mashine wa Mwamanyili alikuwa amejuta na anaitafuta feni yake. Ya manne ilifungwa. Pamba ikaruka kutoka kidoleni kwangu ikagandia kwenye pua ya landrova, ikatulia pale. Fundi alisema, "Mh." Hiyo ndiyo hotuba yake yote, na ndiyo imekua ikawa sikio moja na macho yaliyofumbwa.

Siku ya kutimiza mwaka tulikwenda Zagayu, Fundi usukani, Shangazi katikati na kitenge kipya, mimi dirishani na mfuko wa kutapikia, nilioutumia. Njia ilikuwa ya mashamba ya pamba iliyoanza kupasuka, vumbi mbele na nyuma. Hatukusimama hata mara moja. Tulipoingia uani kwa Mzee Nkwabi, watu walitoka chini ya turubai kuangalia mvuke. Hapakuwa na mvuke. Misa fupi ilisomwa kaburini, tukala wali na nyama, na baada ya chakula Mzee Nkwabi akaenda kuigusa rejeta kwa mgongo wa mkono, kama anampima mtoto homa. Akarudi akakaa.

"Gari ni zima," akatangaza. "Tunamshukuru shemeji. Na sasa, kwa kuwa ni zima, ukoo umeona lisiende kuhangaika mjini na mwanamke mmoja. Libaki kwenye mji wake."

Shangazi hakuinuka. "Ulisema likifika zima mtajua naliweza."

"Tumejua. Hatukusema zaidi ya hapo."

Nilitazama wazee waliokaa pale. Wengine walitazama kanzu zao. Nilifikiria chumba changu. Shangazi alinyoosha miguu, akanawa mikono taratibu kwenye beseni, akajifuta.

"Sawa," akasema. "La marehemu ni la marehemu. Chukueni bodi, chukueni injini, matairi, na viti vyenye mavi ya kuku. Lakini rejeta nimeinunua mimi kwa mtamba wangu mwekundu, na mtamba alitoka kwa baba yangu. Feni ni yangu. Mkanda wa feni ni wangu. Minza, nenda katoe vitu vyangu."

Fundi Luhende alianza kuinuka. "Wewe kaa," Shangazi akamwambia, na akakaa.

Sijawahi kutembea umbali mrefu kama ule wa kutoka mkekani hadi kwenye landrova, na nyumbani hapa kuna watu wataniambia sijawahi kutembea umbali wowote. Nilichukua spana chini ya kiti, nikainua boneti. Boliti za feni zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa bado na joto la njia. Nikailegeza, nikaitoa, nikampelekea Shangazi, akaipokea kwenye pindo la kitenge. Nikarudi. Ya pili. Ulisikika mlio wa spana tu na mtu mmoja anayemaliza mfupa. Ya tatu. Mzee Nkwabi alikuwa anatabasamu kidogo, akisubiri tuchoke. Sikuigusa ya nne. Niliinama chini nikafungua kikoki cha rejeta.

Maji yalitoka kwa nguvu, yakafuata mteremko wa ua ule uliofagiwa vizuri, yakapita chini ya mikeka, yakafika kwenye viatu vya Mzee Nkwabi. Aliinua mguu mmoja, kisha wa pili. Mama yake, bibi mdogo kama kikapu aliyekuwa amesinzia tangu misa, alifumbua macho.

"Nkwabi, maji gani hayo?"

"Ya gari, mayu."

"Nani analichinja?"

"Holo anachukua vitu vyake."

Bibi akaitazama landrova iliyofunuliwa kifua, akamtazama mwanawe. "Na utabaki na nini? Utaipanda kwa jembe iote?" Wazee wawili wakacheka, kisha wote, kicheko cha watu waliokuwa wakitafuta ruhusa. Mmoja wa wale waliotazama kanzu zao alisema, "Mwache mama wa watu, Nkwabi. Ni lake." Mwingine akasema ni lake. Halafu hapakuwa na aliyebaki wa kusema vingine.

Nikafunga kikoki. Nikarudisha boliti tatu, nikizikaza kwa uzito wangu wote. Mzee Nkwabi alisimama, koti lake la sufu limefungwa mpaka shingoni, kisha akaingia jikoni mwenyewe, akatoka na ndoo ya maji. Alikuja nayo mpaka kwenye pua ya gari. Shangazi alikuwa ameshika kifuniko. Mzee akamimina, taratibu, bila kumwaga hata tone, mpaka ndoo ikaisha. Akatazama ndani ya tundu, akatazama ndoo tupu, akamtazama shemeji yake.

"Ongeza, shemeji," Shangazi akasema. "Bado halijashiba."